Hita ya maji ya lita 23 kwenye trela yetu: nimeikubali, ila kile kitaa chekundu hapana

Nianze na jibu, maana najua wengine mnasoma mkiwa mmesimama nje ya trela na taulo begani: hita hii ni nzuri. Inachemsha haraka, haili gesi ovyo, na vipuri vyake havisumbui kupata. Kinachoudhi ni kwamba siku ikigoma haisemi inaumwa nini. Inakuwashia kitaa kimoja chekundu, basi, mengine jitafutie mwenyewe.

Ninayoizungumzia ni ile ya tangi, lita 23 (wenyewe huiandika galoni 6), inayotumia gesi ya mtungi na umeme pia. Tangi ni la chuma lililopakwa enameli kwa ndani, kwa hiyo lina fimbo ya anodi, ile inayoliwa na maji badala ya tangi. Imekaa chini ya sinki, mgongo uko ndani na uso uko nje. Ukifungua kile kimlango cha bati chenye matundu ubavuni mwa trela unakutana na mambo yote: bomba la moto ambamo gesi inachanganyika na hewa, valvu ya gesi, nyaya, valvu ya usalama, na chini kabisa kichwa cha ile fimbo. Chapa siitaji. Hita za aina hii hazitofautiani sana, na karibu yote nitakayosema yatakuhusu hata kama yako ina jina jingine.

Tuko wanne ndani ya trela hii sehemu kubwa ya mwaka, mimi, mume wangu na watoto wawili, na mwenye kazi ya hita ni mimi. Mume wangu ni hodari wa kuegesha na kusawazisha trela, lakini akisikia mlio wa gesi anakumbuka ana simu ya kupiga.

Swali la kwanza la kila mtu: lita 23 zinatosha? Inategemea unavyooga. Thamostati inakata moto maji yakifika kama nyuzi 54 za Selsiasi. Hakuna anayeoga maji ya nyuzi 54; unayachanganya na ya baridi mpaka yawe kama 40, na kwa hesabu hiyo, kama maji ya baridi yana nyuzi 20, tangi moja linazaa karibu lita 39 za kuogea. Hiyo ni hesabu ya kwenye karatasi. Bafuni ni pungufu, kwa sababu kila maji ya moto yanapotoka juu, ya baridi yanaingia chini na kuanza kupoza yaliyobaki. Shawa inayomwaga lita 6 kwa dakika inakupa kama dakika tano za raha, halafu unaanza kuifunga koki ya baridi kidogo kidogo, halafu unatoka. Sisi tunaoga kwa vituo: unalowa, unafunga, unajipaka sabuni, unafungua, unasuuza. Kwa mtindo huo tunaoga wanne kwa zamu na vyombo vinaoshwa baadaye. Anayetaka kusimama chini ya maji akitafakari maisha, hii si hita yake, na tutafika huko.

Na nyuzi 54 si mchezo kwa ngozi. Maji ya joto hilo yanaweza kumuunguza mtu mzima vibaya kwa nusu dakika tu, na ngozi ya mtoto ni laini zaidi. Hita hii haina kitufe cha kupunguza joto. Wanangu wamefundishwa kufungua ya baridi kwanza, ya moto baadaye, na kufunga ya moto kwanza.

Kwenye kasi ndipo nilipoipenda. Kwa gesi, moto wake ni wa BTU 12,000 kwa saa, sawa na kilowati tatu na nusu hivi, na tangi la maji ya baridi ya kawaida linakuwa tayari kwa dakika 20 au zaidi kidogo. Kwa umeme, koili ni ya wati 1,440, kwa hiyo subira ni kama dakika 40. Ukiwasha vyote viwili kwa pamoja, na inaruhusiwa, ni kama robo saa. Sisi tukifika kambini tumechoka tunawasha vyote. Wa kwanza akimaliza kuoga ninazima gesi na kuacha umeme uendelee taratibu.

Gesi yenyewe hailiwi kama watu wanavyodhani. Kuchemsha tangi zima mara moja kunatumia chini ya gramu 100, na mtungi wa kilo 9 una uwezo wa kuwasha moto huo zaidi ya saa 30 mfululizo. Anayemaliza mtungi haraka kwenye baridi ni hita ya kupasha joto chumba, si hii ya maji. Nimesikia watu wakiizima na kuiwasha siku nzima kubana gesi. Sisi tunaizima usiku tu, na mchana tunaiacha kama kuna mtu wa kutumia maji, kwa kuwa tangi limevikwa povu zito na maji yanakaa na joto kwa saa nyingi.

Upande wa umeme una masharti yake. Koili inavuta ampea 12 kwenye volti 120. Kama trela yako ni ya ampea 30 kama yetu, ukiwasha kiyoyozi, ambacho peke yake kinavuta karibu hizo hizo, halafu mtu akatia chakula kwenye maikrowevu, breka inaruka na wote mnabaki gizani mkitazamana. Kanuni yetu ni kwamba maikrowevu ikiingia, koili inatoka.

Sharti la pili ni zito kuliko yote: usiguse swichi ya umeme kabla tangi halijajaa maji. Koili ikiwaka kwenye tangi tupu inakufa mara moja, haikupi nafasi ya kujirudi. Usiamini mlio wa pampu. Fungua bomba la maji ya moto jikoni, liache likohoe hewa, liteme, mpaka mkondo utoke bila kukatika. Hapo ndipo uwashe. Kama umenunua trela iliyotumika na hita inachemsha kwa gesi tu, kwa umeme kimya, huenda mwenyewe wa kwanza aliiwasha tupu. Kata umeme wote, chomoa nyaya za koili na uipime kwa mita: nzima inasoma kama omu 10. Ikisoma mkatiko, imeungua. Lakini kabla ya kuchukua mita, angalia swichi. Kwenye hita yetu kuna swichi ndogo nyeusi ya umeme huko nje, kona ya chini nyuma ya bomba la moto, mbali na ile ya ndani, na zote mbili lazima ziwe zimewashwa. Aliyeamua kuificha pale sijui alikuwa anamficha nani.

Sasa kitaa chekundu.

Hita ikiwa na afya, ukibonyeza swichi ndani na mtu akasimama nje karibu na kimlango, atasikia mambo kwa mpangilio huu. Kwanza "ta" moja kavu, ndiyo valvu ya gesi inafunguka. Papo hapo cheche: tik-tik-tik-tik, za haraka. Kisha "fup", na baada ya hapo mngurumo wa moto usiopanda wala kushuka. Ukichungulia, moto uwe wa bluu, labda ncha ziwe na njano kidogo, na uwe umelala kuelekea ndani ya bomba kubwa la kutolea joto. Kama bodi, ule ubao wa umeme unaoiongoza hita, haikuona moto ndani ya sekunde kadhaa inafunga gesi. Aina nyingine hujaribu tena na tena hadi mara tatu. Ikishindwa inajifunga yenyewe na kitaa kinawaka. Kuifungua ni kuzima swichi na kuwasha upya, lakini subiri dakika tano kwanza ili gesi iliyotoka bila kuungua itawanyike. Watu wanaobonyezabonyeza kwa hasira ndio wanaoishia na "fup" kubwa kuliko iliyokusudiwa.

Kitaa hakitofautishi chochote. Mtungi umeisha: chekundu. Betri imechoka: chekundu. Buibui amejenga: chekundu. Kwa hiyo nimejifunza kutumia masikio, na nasema wazi kwamba masikio yana faida kuliko kitabu chake cha maelekezo, ambacho nusu yake ni maonyo.

Kama husikii chochote, hata ile "ta", hilo ni tatizo la umeme wa volti 12. Hapa ndipo wageni wanapochanganyikiwa: gesi inawaka kwa gesi, lakini bodi, valvu na cheche vyote vinakula kwenye betri. Betri dhaifu, hakuna maji ya moto, hata mitungi iwe miwili imejaa. Angalia fyuzi, pima betri, halafu nenda kwenye vitufe viwili vilivyofichwa chini ya kifuniko cha mpira huko nje. Hivyo ni vya ulinzi wa joto, kimoja cha gesi na kimoja cha umeme. Maji yakipita kiasi, kama nyuzi 82, vinajikata na haviji vyenyewe mpaka uvibonyeze kwa kidole. Kikibonyea na kutoa mlio, umepata jibu. Kikikatika tena na tena, usiendelee kukibonyeza, thamostati imekufa na ibadilishwe.

Kama "ta" ipo na cheche zipo lakini moto hauji, tafuta gesi. Umetoka kubadilisha mtungi? Kuna hewa kwenye bomba. Washa jiko la ndani kwanza, liache liwake vizuri, ndipo urudi kwenye hita. Kazi nyingi za "hita imekufa" zinaishia hapa. Fungua pia koki ya mtungi polepole. Ukiifungua kwa nguvu, mitungi mingi ina kizuizi kinachodhani bomba limepasuka, kinabana gesi, na unabaki na moto wa jiko unaosinzia na hita isiyowaka. Funga, ngoja kidogo, fungua taratibu.

Gesi ikiwepo na moto bado haushiki, au unashika wa njano mvivu, unaoacha masizi meusi kwenye kimlango, basi kuna mpangaji. Buibui wanalipenda lile bomba la moto kuliko sehemu yoyote ya trela, na nyigu wa udongo nao wanaziba bomba la kutolea joto kwa matofali yao madogo. Yetu ilishawahi kuzibwa na utando mwembamba kiasi kwamba kwa macho bomba lilionekana safi kabisa. Mpaka nilipopitisha brashi nyembamba ya chupa na ikatoka na kitu kama pamba ya kijivu. Baada ya hapo mngurumo ulirudi. Kitundu kidogo kinachotoa gesi usikichokonoe kwa waya wala sindano, kikitanuka kipimo cha gesi kimeharibika. Kipulize kwa hewa au kiloweke kwenye spiriti. Zipo nyavu za chuma za kufunika matundu ya kimlango, tumezifunga. Watengenezaji wengine wa hita hawazipendi kwa sababu zinaweza kupunguza hewa, kwa hiyo soma ya kwako inasemaje kabla ya kuweka.

Ugonjwa ulionisumbua kuliko yote ulikuwa ule wa kushika na kuzimika. Cheche, "fup", moto mzuri wa bluu, nahesabu moja, mbili, tatu, nne... kimya. Tena. Tena. Chekundu. Fundi mmoja, ambaye gereji yake siitaji, alitazama kwa dakika chache mikono ikiwa mfukoni akasema bodi imekufa, ninunue mpya, na akaanza kuandika bei kabla sijauliza. Sikukubali, kwa sababu bodi iliyokufa isingefungua gesi na kurusha cheche kwa mpangilio namna ile.

Kinachotokea ni hiki. Ile ncha inayorusha cheche ndiyo hiyo hiyo inayotazama moto. Moto unapitisha umeme, kidogo mno, sehemu ya milioni ya ampea, kutoka kwenye ncha hadi kwenye bati la bomba na kurudi kwenye bodi kupitia waya wa athi. Bodi isipouona huo umeme inaamini hakuna moto na inafunga gesi, ambavyo ndivyo tunavyotaka ifanye. Kwa hiyo moto ukishika na kuzimika, mtuhumiwa wa kwanza ni njia ya huo umeme: ncha yenye masizi, ncha iliyopinda nje ya moto, kigae cheupe kilichopasuka, au athi yenye kutu. Yetu ilikuwa athi. Skrubu inayoshika waya kwenye bati ilikuwa imeota kutu ya rangi ya chungwa chini yake. Nilizima gesi na umeme, nikaifungua, nikasugua kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, nikafuta ncha, nikahakikisha nafasi kati ya ncha na bomba ni kama milimita 3, kisha nikachomoa ile soketi pana ya bodi na kusafisha miguu yake ya shaba kwa kifutio cha penseli. Kifutio, ndiyo. Kinaondoa ukungu bila kukwaruza. Hita iliwaka na haikuzimika, na bodi ile ile ndiyo iko ndani hadi leo.

Kuna malalamiko mengine nayasikia ambayo hita yenyewe haihusiki kabisa, na kubwa ni maji vuguvugu. Tangi linachemka, ukigusa valvu ya usalama inaunguza, lakini bombani yanatoka maji ya uvuguvugu. Shemeji yangu aliazima trela yetu akairudisha na habari kwamba hita imechoka. Nilizunguka upande wa pili nikafungua kisanduku cha shawa ya nje. Alikuwa ameosha miguu, akafunga maji kwa kile kitufe cha kwenye kichwa cha shawa na kuacha koki zote mbili, ya moto na ya baridi, wazi. Zikiwa hivyo maji ya baridi yanavuka kupitia pale na kuingia kwenye bomba la maji ya moto la trela nzima. Nilifunga koki mbili, hita ikapona. Shemeji hadi leo anasema ilipona yenyewe.

Kama si shawa ya nje, nenda nyuma ya hita utazame valvu za mchepuko, zile zinazoyapitisha maji pembeni ya tangi wakati wa kuweka trela kwa ajili ya baridi kali. Zikiachwa kwenye mkao wa mchepuko, unapata maji ya baridi kwenye mabomba yote mawili, au mchanganyiko usioeleweka. Na kama maji ya moto yanatoka kwa kujikokota wakati ya baridi yana nguvu, ile valvu ya kuzuia maji kurudi nyuma, pale bomba la maji ya moto linapotokea kwenye tangi, imekwama. Ni ya plastiki, na hukwama hasa kwa chokaa.

Valvu ya usalama nayo inatisha watu bure. Inadondosha matone wakati maji yanachemka, na mtu anakimbilia kununua nyingine. Maji yakipata joto yanapanuka, na juu ya tangi inatakiwa kuwe na hewa kidogo ya kupokea huo upanukaji. Hewa hiyo huyeyuka taratibu kwenye maji ikaisha, presha inapanda, valvu inatema. Dawa ni kuirudisha hewa. Zima hita, acha maji yapoe kabisa, funga maji yanayoingia na uzime pampu, fungua bomba moja la maji ya moto ndani, kisha nje inua kile kijiti cha valvu ya usalama uyaache maji yatoke mpaka yakome yenyewe. Kiachie kijirudishe, funga bomba, washa maji. Sisi tunalazimika kurudia hili kila baada ya muda, na ni udhia, lakini si ubovu. Ikidondosha hata maji yakiwa ya baridi, au ikamwaga mkondo, hiyo sasa ni ya kubadilisha. Usithubutu kuiziba. Imewekwa kufunguka kwenye paundi 150 kwa inchi ya mraba au nyuzi 99, na ndiyo kitu pekee kinachosimama kati yako na tangi kugeuka bomu.

Fimbo ya anodi ndiyo sehemu niliyoidharau nilipoisoma na kuiheshimu nilipoitoa. Ni ya magnesi, inaliwa na maji ili tangi lisiliwe. Mpya ni fimbo nono, laini, ya kijivu. Niliyoitoa ilikuwa waya wa ndani umebaki umevikwa vipande vyeupe vinavyomeguka kwa kucha, na nyuma yake yakatoka maji yenye vigae vya chokaa kama maganda ya mayai. Ikishaliwa robo tatu ibadilishe. Tangi letu ni la chuma, bila fimbo linatoboka. Yale ya alumini hayana fimbo, yana kizibo cha plastiki tu, na hayahitaji; usijaribu kuyawekea. Kabla ya kufungua hakikisha maji yamepoa na presha imetolewa kwa kuinua kijiti cha valvu ya usalama. Mtu aliyefungua kizibo maji yakiwa ya moto na yana presha hasahau. Wakati wa kurudisha, zungushia thredi tepu, kaza kwa kiasi, halafu suuza tangi kwa lile bomba jembamba la kuingizwa tunduni mpaka maji yatoke safi.

Harufu ya mayai yaliyooza kwenye maji ya moto tu, wakati ya baridi hayanuki, inatokana na vijidudu vya salfa vikikutana na magnesi ya fimbo. Hakikisha kwanza kwamba si gesi inayovuja, kwa sababu harufu zinakaribiana: gesi inanuka hata bomba la maji likiwa limefungwa, na ukipaka povu la sabuni kwenye viungio utaona mapovu. Ukiiona hiyo, funga mtungi, toka nje, mwite mtu wa gesi. Kama ni maji, tuliondoa yetu kwa kulijaza tangi maji yenye klorini kidogo, kuyaacha yakae, na kusuuza sana. Ikirudi, kuna fimbo za alumini zenye zinki ambazo hazileti harufu hiyo kwa urahisi. Na trela ikiwa imekaa wiki mbili au zaidi bila kutumiwa, gesi ya haidrojeni inaweza kujikusanya ndani ya tangi. Fungua bomba la maji ya moto la jikoni dakika kadhaa kabla ya kuwasha chochote chenye moto, na asiwepo mvuta sigara karibu.

Baridi kali: mwaga tangi lote, weka valvu kwenye mchepuko, basi. Maji yakiganda ndani, tangi linapasuka na hakuna fundi wa kuliunga.

Je, ningenunua ile isiyo na tangi badala ya hii? Jirani yetu wa kambini anayo, na ni kweli maji hayaishi. Moto wake ni wa BTU 42,000 au zaidi, mara tatu na nusu ya wetu. Lakini inahitaji maji yapite kwa kasi fulani ndipo iwake, kwa hiyo mtindo wetu wa kuoga kwa vituo unaivuruga: ukifunga na kufungua unapata moto, baridi, moto. Haina umeme wa kusaidia, kwa hiyo hata ukiwa umelipia umeme wa kambi bado unachoma gesi yako. Na tatizo kubwa ni kwamba maji yasiyoisha yanahitaji mahali pa kwenda. Pipa la maji machafu la trela yetu linajaa haraka hata kwa lita 23 za kwetu. Kwa mtu aliyeunganishwa moja kwa moja kwenye bomba la taka la kambi, sawa, achukue. Kwa anayekaa porini na pipa lake, hapana.

Ningebadilisha mambo mawili tu kwenye hita hii: kitaa kiwe na namna ya kumeta kwa kuhesabu, mara moja umeme, mara mbili gesi, mara tatu moto haukuonekana, kitu ambacho vifaa vingine vya gesi vinafanya, na wapandishe ile fimbo sentimita chache. Kwetu fremu ya trela inapita karibu sana chini ya kichwa chake, na nililazimika kutafuta kiungio cha kurefusha ili spana iingie, na maji yote yanapotoka yanamwagika juu ya fremu yenyewe. Ukienda kununua trela, nenda na soketi ya milimita 27 mfukoni, fungua kile kimlango cha bati mbele ya muuzaji, uone kama inakaa kwenye fimbo na kuzunguka bila kugonga kitu.